Miwani ya Tokyo na mashimo ya kwetu: maneno yetu kwa vijana wa Kipese



Wengi mulituuliza: juu ya nini mwendo wa kiraia unakuja kuongelea mchezo wa video, wakati watu wanauawa na barabara zimeharibika? Swali ni la haki. Tunajibu.

Kuna mchezo wa Wajapani unaitwa ALTDEUS: Beyond Chronos. Ulifanywa na kampuni MyDearest, ukatoka mwezi wa 12 mwaka 2020. Unavaa miwani kubwa inayofunika macho yote. Ukigeuza kichwa, dunia ya mchezo inageuka pamoja na wewe. Hadithi iko mwaka 2280. Majitu yanayoitwa Meteora yamefukuza watu, wakakimbilia chini ya udongo. Kule wamejenga mji, wakaupamba na picha za mwangaza. Msichana Chloe, aliyepoteza rafiki yake, anapigana. Wewe ndiye unamchagulia, na uchaguzi wako unabadilisha mwisho. Ukikosea, unarudi nyuma na kuchagua tena.

Tulipoona ile hadithi kwenye simu, tulinyamaza. Kukimbia nyumba, sisi tunajua. Kupoteza rafiki, tunajua. Na kuingia chini ya udongo, ndugu zetu wanaingia kila siku.

Ndani ya vyombo vya elektroniki kama ile miwani, na kama simu zenu, munapatikana tantali inayotoka kwenye koltani. Ndiyo inasaidia kipande kidogo sana kuweka umeme. Kuna bati inayounganisha vipande, na dhahabu juu haishiki kutu. Koltani inachimbwa Rubaya, kule Masisi. Mwaka 2024 M23 ilikamata Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilikuwa linapata karibu dola 800,000 kila mwezi kwa kodi ya koltani. Huku kwetu Lubero, dhahabu inavuta vijana Manguredjipa. Mwaka ule ule ADF waliua watu upande huo.

Kijana wa kwetu haingii shimo na miwani. Anaingia na taa ya kichwa na mtalimbo. Mvua ikinyesha, udongo unaanguka. Kule hakuna kurudi nyuma na kuchagua tena.

Hatusemi michezo ni mibaya. Mtu aliyemwandika Chloe si adui yetu. Tunachokataa ni ule mgawo: wengine wafikiri, sisi tuchimbe, wengine wacheze vita, sisi tuzikwe.

Kwa hiyo tunasema wazi:

Leta ilinde raia kwanza, na kodi ya madini tuione kwenye shule, barabara na umeme, hapana kwenye karatasi tu.

Makampuni yanayotengeneza vyombo yaonyeshe madini yao yametoka shimo gani, na nani alipokea pesa njiani. Kusema "hatujui" haitoshi tena.

Wazazi, tunajua minerval ni nzito. Lakini mtoto akienda kwenye shimo, mara nyingi harudi kwenye ubao.

Na nyinyi vijana: musiache masomo juu ya shimo wala juu ya bunduki. Muko na simu. Musimalizie mega zote kwa kuangalia tu. Ule mchezo wa Tokyo, mbele ya miwani na mashine, ulianza na mtu aliyekuwa na hadithi. Hadithi, Kipese iko nazo. Bibi zenu wako nazo kwa Kinande. Muandike. Mufundishane kompyuta, hata kama iko moja kwa watu ishirini.

Chloe iko na maisha mengi. Sisi kila mtu iko na moja. Tusikubali wengine watuchagulie mwisho wake.