Mama, Usingizi Ukikataa

Watoto wamelala, jirani amezima redio, lakini wewe umekodolea mabati macho ukipiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Ukikosa usingizi siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, huo ni ugonjwa unaotibika. Hujarogwa.

Amka saa ile ile kila asubuhi, hata kama hukulala vizuri. Chai ya majani na kahawa, mwisho mchana. Najua chumba ni kimoja, lakini mchana kaa kwenye stuli, usikae kitandani. Usiku, ukipita kama dakika 20 bila usingizi, inuka, keti kimya mpaka macho yawe mazito, ndipo urudi. Kitanda kikizoea mawazo, usingizi hukikimbia.

Tembe za usingizi usijinunulie dukani. Mwili huzizoea, na ukinyonyesha zinaweza kumdhuru mtoto.

Na wewe uliyejifungua juzi: mtoto akilala nawe huwezi kulala, unalia ovyo, au unawaza kujidhuru, usingoje miezi 3. Mwambie mtu unayemwamini akusindikize kliniki leo.