Tani Mia Nne kwa Siku: Mhadhara wa Umma kuhusu Kilimo cha Bustani, Mkuyuni, Mwanza



Kilimo cha bustani kinapotajwa siku hizi, masikio ya wengi huelekea Njombe kwenye parachichi, au Arusha na Kilimanjaro kwenye maua na maharage mabichi yanayopanda ndege kwenda Ulaya. Sina ugomvi na fedha za kigeni, na kazi ya TAHA, chama cha wadau wa kilimo cha bustani nchini, tangu kianzishwe mwaka 2004 naiheshimu. Lakini naomba tupige hesabu nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni moja Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji hili la Mwanza. Zidisha, upate tani 400 na ushei, kila siku inayokwenda kwa Mungu. Soko hilo halidai ndege. Nasema mustakabali wa kilimo hiki nchini utaamuliwa kwenye sahani za miji kama huu wetu, kabla ya kuamuliwa kwenye viwanja vya ndege.

Sasa twende sokoni hapa Mkuyuni, mzigo unaposhushwa. Tenga la fito limejazwa nyanya hadi ukingoni, kisha likaongezewa kilemba juu na kukazwa kwa nyasi na kamba. Likifunguliwa, za juu zinang'aa. Mkono ukizama, vidole vinakutana na majimaji: fito zimechoma, uzito umeponda, mashimo ya barabara yamemalizia. Mama anachambua haraka. Nzima zinapangwa mafungu, zilizopasuka zinakuwa masalo ya bei ya chee, zilizooza zinakwenda jalalani. Hasara hiyo mkulima ameshailipa, kwa kuwa mchuuzi aliyemfuata shambani aliikata kwenye bei mapema. Mlaji naye anailipa, maana fungu zima linabeba gharama ya lililotupwa.

Kreti ya plastiki ingeokoa sehemu kubwa ya nyanya hizo, na si jambo geni kwa yeyote humu ndani. Mbona haienei? Wengi hutaja bei yake. Mimi naona kikwazo kikubwa zaidi ni kipimo. Maadamu nyanya zinauzwa kwa tenga, faida ni ya anayejaza kilemba, na kreti, ambayo haina pa kuweka kilemba, inamwonea kila anayeitumia. Halmashauri ikisimamia mizani sokoni, lumbesa, yaani huo ujazo wa kupita ukingo, itakosa maana, na kreti itakuwa na sababu ya kurudi shambani. Tumekuwa tukigawa kreti kabla ya mizani, kisha tunashangaa kuzikuta majumbani zimewekewa nguo.

Jambo la pili ni ardhi, na hapa pana uchungu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni. Naiunga mkono bila kusita. Samadi inayosombwa na mvua hulisha magugu maji ziwani, dawa nazo huchafua maji, na maji hayohayo ndiyo tunayokunywa. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na kumeza kingo, kila mwenye tuta la mchicha karibu na ufuo aliona mpaka huo una sababu. Lakini vilima vyetu ni mawe matupu, na udongo wenye unyevu uko mabondeni, katika viwanja vya kuazima. Anayelima kwa kuazima hachimbi kisima, wala hapandi mwembe. Anapanda mchicha anaoweza kuung'oa baada ya wiki tatu au nne, maana ya tano anaweza kuambiwa ahame. Mipango miji iwatengee wakulima hawa maeneo nje ya mita 60, yenye maji ya bomba na mikataba ya miaka kadhaa, kama inavyotenga viwanja vya shule na masoko.

Kuhusu wadudu nitasema kwa ufupi. Kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya na mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014, na tangu hapo mkulima wa nyanya anapulizia kwa hofu. Anachanganya dawa mbili au tatu, bei ikipanda anavuna kabla siku za kusubiri hazijatimia, na sisi tunakula. Msimlaumu kabla hamjamuuliza bwana shamba alipita kwake lini mara ya mwisho.

Mkoa huu unajua kulihudumia zao. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, pale Misungwi, wataalamu wamehangaika na pamba tangu miaka ya 1930, na aina kama UK 91 zimepandwa Usukumani kote. Mboga zetu zinastahili bidii ya namna hiyo, na ningeulizwa pa kuanzia ningetaja mgagani. Unavumilia jua kali. Majani yake hupikwa mabichi au hukaushwa yakangoja kiangazi. Mbegu yake bado iko mikononi mwa akina bibi, wanaoikung'uta na kuitunza wenyewe, na hakuna Msukuma anayehitaji semina ya kufundishwa kuula.