Nyumba Ikinyamaza: Jinsi Mshauri Nasaha Anavyomsaidia Mtu Mmoja na Wanandoa



Mada ya leo ni ushauri nasaha, hasa ule unaoanzia kwenye uhusiano wa mtu na wenzake. Wakazi wengi wakisikia neno hilo hufikiria moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaodhani ni huduma ya watu waliorukwa na akili. Wengine hudhani ni kwenda kuamuliwa nani ana makosa, kama kesi mbele ya wazee. Dhana zote mbili si sahihi, na zimewafanya watu kukaa na mzigo nyumbani hadi ukawashinda. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Chukueni mfano wa nyumba moja. Ni mfano wa kufunzia tu, si habari za familia yoyote, lakini hapana shaka wengi mtaitambua.

Mume anaendesha bodaboda na mke ana kibanda cha mboga sokoni. Pikipiki iliharibika, mume akakopa pesa kwa simu ili aitengeneze. Mkopo ukamlemea, akakopa kwingine kulipa ule wa kwanza. Hakumwambia mke. Mke aliona tu simu ikilia inazimwa, akashuku kuna mwanamke mwingine. Akaanza kuuliza. Kadiri alivyouliza, ndivyo mume alivyochelewa kurudi. Kadiri mume alivyochelewa, ndivyo maswali yalivyozidi ukali. Baada ya miezi michache, wawili hao walikuwa wakizungumza kupitia kwa mtoto: "Mwambie baba yako chakula kiko mezani."

Jamaa wa mke watasema mume ni mwongo. Jamaa wa mume watasema mke ana mdomo. Mshauri anayefuata njia hii hatafuti mkosaji. Anatazama mzunguko wenyewe: mmoja anafuata, mwingine anakimbia, na kila mmoja anaamini anajikinga tu. Anawaonyesha wote wawili kwamba mzunguko huo ndio unaoibomoa nyumba, na kwamba wanaweza kuukabili wakiwa upande mmoja.

Kisha anauliza polepole kilicho chini ya hasira. Chini ya ukimya wa mume kuna aibu: mwanamume aliyefunzwa kwamba baba wa nyumba hashindwi na deni. Chini ya kelele za mke kuna hofu: alipokuwa mtoto, baba yake alianza kwa kuchelewa kurudi, na siku moja hakurudi kabisa. Mume hajawahi kusikia hofu hiyo, amesikia lawama tu. Mke naye hajawahi kuiona ile aibu, ameona mgongo wa mtu anayetoka mlangoni. Siku mume atakapoweza kusema, "Nilificha kwa sababu niliogopa utanidharau," mazungumzo yatakuwa mengine kabisa. Deni litakuwa bado lipo, ila sasa watakuwa wawili wa kulihesabu.

Msingi wa njia hii si wa kubahatisha, na sehemu yake ina mizizi hapa Afrika Mashariki. Daktari wa Uingereza, John Bowlby, alieleza kwamba mtoto huhitaji mtu wa kumtegemea jinsi anavyohitaji chakula. Mtafiti Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na kuwatazama akina mama na watoto wao wachanga katika shughuli za kila siku. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kutambaa mbali na kuchezea vitu, kwa kuwa anajua ana pa kurudi. Baadaye wataalamu wengine walionyesha kwamba hata watu wazima huhitaji pa kurudi, na kwamba ugomvi mwingi wa ndoa ni swali moja lililofichwa: je, nikikuita utaitika?

Kuna ushahidi mwingine kutoka kwa majirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, miongoni mwa watu waliokuwa na sonona. Katika nusu ya vijiji hivyo watu walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Walizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha, yaani mambo yanayogusa uhusiano wa mtu na watu wake. Waliokuwa katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakupata huduma hiyo.

Je, mtu anayekwenda peke yake anasaidiwa vipi kwa njia ya uhusiano, ilhali mwenzake hayupo? Jibu ni kwamba uhusiano upo mle chumbani, kati yake na mshauri. Mtu hubeba mazoea yake popote aendapo. Mama aliyezoea kuwatunza wote na kutoomba lolote atafika kwa mshauri akiwa amechelewa dakika tano na kuomba radhi mara nne. Akiulizwa hali, atasema, "Niko sawa," huku machozi yakimlengalenga. Mshauri hatampita haraka. Anaweza kumwambia kwa upole, "Naona unajitahidi nisipate taabu kwa ajili yako. Ni wapi pengine unafanya hivyo?" Swali hilo hufungua mlango. Mama anaanza kuona kwamba uchovu wake hauletwi na kazi pekee, bali pia na kuishi kana kwamba yeye hana haki ya kuchosha mtu.

Hata mshauri hukosea. Anaweza kusahau jambo zito aliloambiwa wiki iliyopita. Katika njia hii, kosa hilo halifunikwi. Mshauri anakiri, anasikiliza liliumiza vipi, na wawili hao wanatengeneza palipovunjika. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo kila kosa liliishia kwa kichapo au kununiana, hiyo huenda ikawa mara ya kwanza kuona ugomvi ukiisha na uhusiano ukabaki.

Sasa, jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi. Kumketisha mume na mke pamoja hakufai kila nyumba. Pale penye kipigo, vitisho au mmoja kumtawala mwenzake kwa hofu, mazungumzo ya pamoja yanaweza kuleta hatari. Anayepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya anayempiga, halafu warudi nyumba moja jioni. Mshauri mwenye ujuzi huonana na kila mmoja kando kabla ya kuamua. Kipigo si mzunguko wa watu wawili. Ni kosa la anayepiga. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu anayeteswa kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Nambari ya simu ya 1195 hupokea wanaokumbwa na ukatili wa kijinsia, na ya 116 ni ya masuala ya watoto. Zote mbili hazilipishwi na hupatikana mchana na usiku.

Kuhusu siri, wengi huogopa kwamba maneno yatafika sokoni kabla yao. Mshauri anafungwa na maadili ya kazi yake kutunza siri, isipokuwa pale maisha ya mtu au usalama wa mtoto umo hatarini. Katika kikao cha kwanza, muulizeni afafanue mipaka hiyo. Kwa wanandoa, muulizeni pia atafanya nini mmoja akimwambia jambo kando.

Ulizeni vilevile kuhusu usajili wake. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inaweka utaratibu wa mafunzo, usajili na leseni. Si kila anayeandika "mshauri" kwenye kibao ana ujuzi huo. Mtu akikuahidi kurudisha ndoa kwa siku tatu, tafuta mwingine. Vikao kwa kawaida huchukua karibu saa moja kila wiki, na mabadiliko huja kwa hatua ndogo ndogo. Wakati mwingine wanandoa hugundua kwamba ni heri waachane, na kazi ya mshauri ikawa kuwasaidia kuachana bila kuwaumiza watoto.

Kwa anayetaka kuanza, mlango wa karibu ni zahanati au kituo cha afya. Mwelezeni muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii kwamba mnahitaji msaada wa afya ya akili, naye awaelekeze. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yametaja wajibu wa serikali za kaunti katika huduma hii, kwa hivyo mkazi anayeiulizia haombi hisani.

Na kwa leo jioni, kabla ya mshauri yeyote, kuna jambo moja ambalo kila nyumba inaweza kujaribu. Badala ya kuuliza, "Ulikuwa wapi?", mmoja aseme, "Ulipochelewa niliogopa." Mwenzake naye asijitetee kwanza. Arudie kwa maneno yake alichosikia, kisha aulize kama amesikia sawa. Ni maneno machache, lakini siri ya mtungi aijuaye kata; ninyi wawili ndio mnaojua yaliyomo ndani ya nyumba yenu, na ninyi ndio wa kuanza kuyasema.