Chandarua Peke Yake Hakitoshi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Ifakara mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Upo ugonjwa wa fikra unaotupata sisi wenye kalamu na mafaili: kudhani kwamba tatizo la umma limekwisha mara kifaa kinapogawiwa. Naomba tuupime ugonjwa huo kwa historia ya bonde hili la Kilombero.

Mwaka 1997 watafiti wa Ifakara walianza kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Mwaka 2001 walitangaza kuwa matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Huo ni ushindi mkubwa. Je, ni ushindi wa kitambaa na dawa peke yake? La hasha! Nyuma yake walikuwapo wenye maduka waliouza vyandarua, wauguzi waliotoa hati za kupunguza bei kwa wajawazito na mama wenye watoto wadogo, na wazazi waliokubali kuvichovya tena dawa ilipofifia. Kiungo kimoja kikikatika, kazi yote hulegea.

Tena mwananchi haishi maabara. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani na kulala vibandani, mbali na zahanati. Chandarua kilichoachwa kijijini hakimlindi mtoto aliyelala shambani, hata kama katika daftari letu kimehesabiwa. Na mbu naye habaki alivyokuwa. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa mbu aina ya Anopheles funestus, aliyekwisha kuwa sugu kwa dawa ya vyandarua, ndiye aliyeeneza sehemu kubwa ya malaria katika vijiji walivyochunguza bondeni humu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusiwe wepesi wa kumlaumu mkulima kwamba hana elimu. Ofisa anayeandika taarifa asiishie kwenye idadi ya vyandarua vilivyogawiwa. Aulize nani analala ndani yake, wapi, na msimu gani. Mwalimu awasikilize wanafunzi wanaotoka mashambani. Mtafiti naye arudishe matokeo yake kijijini, akakosolewe.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wala chandarua peke yake hakiishindi malaria.