Siri ya Mteja wa Kodi

Leo nasema na wewe unayewajazia wenzako hesabu za kodi: mwenye steshenari hapa Chamwino, au karani ambaye majirani humletea daftari la mauzo kila robo ya mwaka.

Mwezi uliopita nilinunua karanga karibu na stendi. Karatasi iliyozifunga ilikuwa nakala ya kitambulisho cha taifa cha mama mmoja, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu namba yake ya mlipakodi na neno lake la siri. Karanga nilizila, karatasi niliichoma.

Je, mwizi angepata nini humo? Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ambayo wengi huifanya neno la siri. Akiingia katika hesabu za yule mama ataona deni lake. Kisha atampigia: “Mama, mimi ni afisa wa kodi. Unadaiwa kiasi fulani, tuma kwenye namba hii.” Mama atasadiki, kwa kuwa kiasi ni kile kile ulichomwandikia wewe. Kwa hiyo mwambie kila mteja: kodi hulipwa kwa kontroli namba, wala haitumwi kwenye simu ya mtu.

Neno la siri aliandike mteja mwenyewe, nawe utazame pembeni. Utaniambia, “Mwalimu, wengine hawajui kubofya.” Kweli. Basi na aje na mwanawe anayemwamini. Usiliandike popote, hata kama ni rafiki yako.

Karatasi zake mrudishie, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 yamtaka yeye atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Nakala zilizoharibika choma. Usimpe muuza karanga. Picha za vitambulisho ulizotumiwa kwa simu, zifute kazi ikiisha. Na kijana wako wa dukani asiachiwe kompyuta iliyo wazi ukienda kula. (Hili huwaudhi wenye maduka, lakini nalisema.)

Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Anayekusanya taarifa za watu hujiandikisha kwa Tume inayoisimamia, na zikivuja huipasha habari Tume hiyo. Wengi, siri ikitoka, huona haya wakanyamaza, na mwizi hupata siku za kufanya kazi yake. Mwambie mteja siku ile ile, abadilishe neno la siri, apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama fedha zimekwenda, mfuatane polisi.

Kabla ya somo lijalo, fungua mtoto wa meza yako, uhesabu nakala za watu ambao kazi yao ilikwisha zamani. Kwaherini.