MBUZI WASIINGIE MACHIMBONI BADO
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa ushirika)



Wenzetu wanasema yale machimbo ya kokoto tuliyoyafukia sasa ni kijani, basi mbuzi waingie. Sisi tunasema bado. Kijani gani? Mvua moja huotesha magugu, kiangazi kikifika ardhi iko uchi.

Kule Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya mawe ya saruji, Bwana René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971. Alijaribu aina 26, zikasimama 3 tu, mvinje ukiwamo. Hata hivyo majani ya mvinje yalirundikana chini bila kuoza, mpaka alipoleta majongoo wakayala, udongo ukaanza kupatikana. Kwa mbali ungeona msitu tu. Ilibidi kuinama.

Basi na sisi tuiname. Tupige vigingi, mita moja kwa mita moja, mahali palepale kila masika na kila kiangazi. Daftarini tuandike mimea mingapi, ya aina gani, na mingapi imejiotea yenyewe bila kupandwa. Hiyo iliyojiotea ndiyo tunayoitaka, na ndiyo mbuzi atakayoanza nayo, mnamjua!

Jumamosi saa 2 asubuhi kila balozi alete watu wawili, kamba na panga.