Akili Ilipofika Ukingoni: Kiyozawa Manshi na Chimbuko la Falsafa ya Dini Nchini Japani



Jioni ya leo nimekuja kupinga rai moja. Rai yenyewe hudai kwamba falsafa ya kisasa ya Japani, hasa ile ya wanafalsafa wa Kyoto, ni Zen iliyovishwa joho la Kijerumani. Mwalimu aliketi kimya, akauona ukweli usiosemeka, kisha akaazima istilahi za Kant na Hegel ili awaeleze wasomi. Rai hiyo imejaa katika dibaji za vitabu na mihutasari ya kozi. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na rai hii imesema pweke kwa muda mrefu mno.

Niliisikia mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi Kyoto. Kandokando ya mfereji unaoanzia karibu na hekalu la Ginkaku-ji kuna njia ya miguu yenye urefu wa kilomita mbili hivi, iitwayo Njia ya Falsafa kwa sababu mwanafalsafa Nishida Kitaro alizoea kutembea hapo. Asubuhi moja kiongozi wa watalii alisimama mbele yangu, akawaambia wageni wake kwamba profesa huyo aliipata falsafa yake yote kwa kukaa kimya na kutembea kimya. Wageni wakatikisa vichwa, wakapiga picha, wakaenda zao. Nami nilikuwa nimetoka kusoma shajara ya Nishida usiku uliotangulia. Hasira niliyoipata asubuhi ile ndiyo iliyonichagulia uwanja wa utafiti.

Habari za enzi ya Meiji, kufunguliwa kwa nchi na ujio wa vyuo vikuu mnazijua, sina haja ya kuzirudia. Twende moja kwa moja kwenye nguzo tatu zinazoibeba rai hii.

Nguzo ya kwanza ni kwamba Nishida alikuwa mtu wa Zen. Ni kweli, alikaa zazen, yaani tafakuri ya kuketi ya Zen, kwa takriban miaka 10. Lakini tumwulize yeye mwenyewe alipata nini. Agosti 1903, katika hekalu la Daitoku-ji, mwalimu wake aliridhia jibu lake la fumbo maarufu la Zen. Hilo ni tukio ambalo wafuasi wengi hulisubiri maisha yao yote. Nishida aliliandika katika shajara yake, kisha akaongeza kwamba hakufurahi sana. Mwaka 1907 alifiwa na mabinti zake wawili. Mwaka huohuo alichapisha insha juu ya ujuzi na upendo, ambayo baadaye aliiweka mwishoni mwa kitabu chake kikuu cha 1911. Na aliichapisha wapi? Hakuipeleka kwa watu wa Zen. Aliipeleka kwa Seishinkai, jarida la waumini wa Jodo Shinshu, madhehebu ya Shinran yanayofundisha kwamba binadamu haokoki kwa juhudi zake bali kwa Nguvu ya Mwingine, yaani rehema ya Buddha Amida. Tena insha yake kuu ya mwisho, aliyoimaliza mwaka 1945 muda mfupi kabla ya kufariki, inamrudia Shinran mara kwa mara. Mtu aliyeanza na kumaliza hivyo hawezi kuelezwa kwa mto wa kukalia peke yake.

Nguzo ya pili ni D. T. Suzuki, rafiki wa Nishida tangu ujana wao Kanazawa, aliyeitangaza Zen katika nchi za Magharibi. Wanaomtaja husahau mahali alipofundisha. Kuanzia mwaka 1921 Suzuki alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Otani, ambacho ni chuo cha Jodo Shinshu. Kitabu chake cha 1944 juu ya roho ya dini ya Kijapani kinawapa heshima kubwa waumini wa kawaida wa Shinshu, watu wa jembe na kazi za mikono. Na katika uzee wake alikuwa akitafsiri kitabu kikuu cha Shinran. Shahidi aliyeitwa kuitetea rai hii anatoa ushahidi dhidi yake.

Nguzo ya tatu ni dhana ya utupu, inayodaiwa kuwa mali ya Zen. Basi tumtazame Tanabe Hajime, mrithi wa Nishida kitini. Mwaka 1930 alimkosoa mwalimu wake hadharani. Mwishoni mwa mwaka 1944, nchi ikielekea kushindwa vitani, alitoa mihadhara iliyozaa kitabu chake cha 1946 juu ya falsafa kama njia ya toba. Utupu wa Tanabe haupatikani kwa kutulia. Unapatikana akili inapovunjika mbele ya hatia yake. Na kitabu chote kimejengwa juu ya Shinran.

Sasa niruhusuni nikae kwa muda na mtu ninayeamini ndiye chimbuko. Kiyozawa Manshi alizaliwa Nagoya mwaka 1863 katika familia ya samurai wa ngazi ya chini. Aliingia ukuhani akiwa kijana, kwa sababu madhehebu ya Jodo Shinshu yangemlipia masomo. Alisoma falsafa Tokyo chini ya Mmarekani Ernest Fenollosa, kisha akatumwa Kyoto kuwa mkuu wa shule. Siku hizo alivaa suti ya Kizungu, akapanda riksho kwenda kazini na kuvuta tumbaku ya kigeni. Mwaka 1890 akaacha vyote. Akanyoa kichwa, akavaa joho la kuhani, akawa anakula unga wa soba uliokorogwa kwa maji matupu. Alitaka kujua ni kidogo kiasi gani kinamtosha binadamu kuishi. Mwaka 1894 kifua kikuu kikambana.

Kati ya hayo mawili, mwaka 1892, alitoa kitabu kidogo alichokiita kiunzi cha falsafa ya dini, ambacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kupelekwa Chicago kwenye Bunge la Dini la 1893. Humo aliandika kwamba imani ikigongana na akili, bora imani iachwe akili ishikwe. Kumbukeni msimamo huo.

Alipodai mageuzi katika madhehebu yake, alivuliwa ukuhani mwaka 1897. Alirudishiwa mwaka uliofuata, akiwa mgonjwa. Ndipo akaandika shajara ninayoipenda kuliko maandishi yote ya Kijapani niliyoyasoma. Aliipa jina la upepeo wa Desemba, chombo ambacho hakuna anayekihitaji majira ya baridi. Humo anajihesabia kohozi lenye damu, anabishana na nafsi yake, na anamnukuu Epictetus, mtumwa wa zama za Roma aliyetenganisha yaliyo chini ya uwezo wetu na yasiyo chini yake. Kiyozawa alimweka Epictetus pamoja na sutra za Agama na kitabu cha maneno ya Shinran, vikawa maandiko yake matatu. Kuhani wa Kibudha amekaa miguuni pa mtumwa wa Kigiriki! Hakutafuta kuipamba dini yake kwa elimu ya Ulaya. Alitafuta msaada popote ulipo.

Mwaka 1901 akawa mkuu wa kwanza wa chuo ambacho leo ni Otani, na wanafunzi wake wakaanzisha naye Seishinkai. Kisha mkewe na watoto wake wawili wa kiume wakafariki ndani ya mwaka mmoja. Siku chache kabla ya kifo chake cha Juni 6, 1903, aliandika insha juu ya imani yake. Anakiri kwamba baada ya kutafakari kwa nguvu zake zote hawezi kuamua jema ni lipi na ovu ni lipi, na kwamba kwa sababu hiyo anajikabidhi kwa Buddha Amida. Hakuiacha akili njiani. Aliifuata mpaka ikafika ukingoni. Tanabe alipita njia hiyohiyo miaka 41 baadaye.

Haki inanitaka niseme pia yanayopingana nami. Nishitani Keiji, mwanafalsafa mwingine wa Kyoto, hasomeki bila Zen, na kitabu chake cha 1961 ni ushahidi. Kiyozawa hakuacha mfumo kamili wa falsafa. Zaidi ya hapo, Nguvu ya Mwingine ilikuwa na hatari yake. Mwaka 1901 Kiyozawa aliandika kwamba mwenye imani anaweza kubeba bunduki taifa likimwita, na baadhi ya wanafunzi wake walikuja kuunga mkono vita. Hilo halisafishiki. Lakini mwanafunzi wa Nishida, Miki Kiyoshi, alifia gerezani Septemba 26, 1945, wiki sita baada ya vita kusimama, akiacha mswada juu ya Shinran ambao haukukamilika. Imani ileile iliyowasindikiza wengine vitani ilikuwa kazi ya mwisho ya mfungwa wa serikali ya vita.

Nimepima yote hayo na bado nashikilia kwamba moyo wa falsafa ya dini ya Japani ni kushindwa kwa akili kulikokiriwa kwa uaminifu, na aliyekukiri kwanza ni Kiyozawa. Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaotunga kozi: msianze na 1911. Anzeni na 1892, kisha wapeni wanafunzi ile insha ya 1903. Ni fupi, na inasomeka kwa kikao kimoja. Wakishaisoma, waacheni waamue wenyewe kama Zen inatosha kuieleza.